Tunausubiri msumeno wa injekta, lakini nani atautengeneza?

Siku hizi nikikaa na maopereta hapa Mafinga, mazungumzo yanaweza kuanzia kwenye mvua au bei ya mbao, lakini yataishia kwenye mashine moja: Stihl MS 500i, ule msumeno wa mnyororo usio na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini. Vijana wameuona kwenye simu, wamerudia video mpaka namba zake wanazitaja kwa kichwa: injini ya sentimita za ujazo 79.2, nguvu kilowati 5, uzito kilo 6.2 kabla ya kufunga baa (bamba la chuma linalobeba cheni) na cheni. Ulianza kuuzwa Ulaya mwaka 2019, na ndio msumeno wa kwanza kutoka kiwandani ukiwa na injekta ya kielektroniki, yaani kifaa cha kupuliza petroli, mahali pa kabureta. Kwenye maduka ninayopita mimi, kuanzia Iringa hadi Njombe, bado sijaukuta. Tunausubiri.

Nami nausubiri kwa hamu ileile. Nilianza kazi hii nikiwa opereta, sasa ni mkandarasi mdogo mwenye kikosi changu, na nafahamu uzito wa msumeno maana yake nini kwa mtu anayepanda nao mteremko wa misindano tangu alfajiri, chini kumejaa matawi, mkono wa pili umeshika galoni la mafuta. Wengi wetu huku tumekulia kwenye Stihl 070, mashine ya tangu mwisho wa miaka ya 1960. Ina injini ya sentimita za ujazo zaidi ya 105, nguvu kilowati 4.8, na uzito unaopita kilo 10 hata hujafunga baa. Hebu piga hesabu. Huu mpya una nguvu kidogo zaidi ya 070, halafu unampunguzia opereta kilo 4 hivi mikononi. Kwa mtu anayelipwa kwa idadi ya miti aliyoangusha, kilo 4 ni pesa. Ni mgongo wake pia, na ni vidole, maana 070 ilibuniwa kabla ya spring na mipira ya kuzuia mtetemo kuwa jambo la kawaida. Nawajua wazee ambao asubuhi ya baridi hawawezi kufunga kifungo cha shati kwa sababu ya ganzi ya vidole. Wote walishika mashine ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Hata hivyo 070 haijafa, na sababu zake zinafaa kutazamwa vizuri kabla hatujaanza kushangilia mgeni. Kwanza ni kazi ya kupasua. Inazunguka polepole lakini kwa nguvu, inavuta cheni nene ya .404 (kipimo cha cheni kwa inchi) kwenye baa ndefu, na ukiilaza kwenye gogo la mkaratusi kupasua mbao haitishiki. Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi: kila fundi anaijua. Nenda kijiji chochote cha Mufindi au Kilolo chenye miti, utakuta mtu anayeweza kuifungua 070 juu ya gunia, chini ya mti, kwa spana tatu na bisibisi. Pistoni ipo dukani, ringi zipo, kamba ya kuwashia ipo, diski ya klachi ipo. Mashine imebaki hai kwa sababu watu wa kuitengeneza wako karibu nayo.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Huu msumeno tunaousubiri utaletwa na nani, na baada ya kuletwa atauhudumia nani?

Niseme kwanza kwa nini teknolojia hii inatufaa sisi wa nyanda za juu pengine kuliko watu wengi. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 15, na injini inayokula hewa nyepesi inahitaji petroli pungufu kuliko kipimo cha pwani. Kabureta ya kawaida haina habari hiyo. Ukinunua msumeno uliorekebishwa pwani ukaupandisha mpaka shamba la miti la Sao Hill, unajaa mafuta: unatoa moshi, unakohoa, ukiubana kwenye gogo unazubaa. Fundi anachukua bisibisi ndogo, anakaza skrubu ya mafuta taratibu huku ametega sikio, mpaka mlio unasafika. Kazi inaendelea, kila mtu anafurahi.

Balaa huja msumeno huohuo unapoteremka. Mkandarasi mwenzangu alipata kazi ya kukata misaji bonde la Kilombero. Akachukua misumeno yake yote iliyorekebishwa Mafinga, akaishusha kwenye joto na hewa nzito ya kule, hakugusa skrubu. Hewa ikazidi, petroli ikapungua kwa uwiano. Kumbuka kwamba kwenye injini hizi oili imo ndani ya petroli, hakuna tangi la oili ya injini pembeni, kwa hiyo petroli ikipungua na ulainishaji unapungua. Mmoja ukapiga kelele nzuri kweli, kali, ya kuvutia, kama dakika chache, halafu injini ikakwama kabisa.

Nilikuwepo uliporudishwa kwa fundi. Tulimkuta amekaa kwenye kiti chake cha ubao, tukamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, akaupokea msumeno na kuanza kuvuta kamba. Ilikuwa nyepesi, haina ubishi, dalili kwamba kompresheni imeondoka. Hakufungua silinda. Alitoa ekzosi tu, skrubu chache, akawasha tochi ya simu na kumulika kwenye tundu. "Njoo uone, bosi," akamwambia mwenye mashine. Pistoni upande wa ekzosi ilikuwa na mikwaruzo ya kusimama, mirefu, myeusi, chuma kimesuguliwa mpaka ringi imezikwa kwenye mfereji wake. Upande wa pili, ule unaopokea mafuta, ulikuwa unang'aa kama mpya. Fundi akaeleza kwamba mashine ikikwaruzika upande wa ekzosi peke yake, mara nyingi imekufa kwa njaa ya mafuta na joto. Ikikwaruzika pande zote, shuku kwamba mtu alisahau kuchanganya oili. Somo lile lilinifaa sana. Tangu hapo sinunui msumeno uliotumika bila kuomba ekzosi itolewe kwanza, na muuzaji akikataa, naaga.

Sasa ndio utaelewa kwa nini injekta inatutia mate. MS 500i una vihisio vinavyopima joto na mgandamizo wa hewa, na kompyuta ndogo inayoamua petroli kiasi gani ipulizwe ndani ya kasha la krenki. Hauna betri, umeme wake unazalishwa na injini yenyewe unapovuta kamba. Hauna choki ya kuhangaika nayo asubuhi. Uupeleke Kilombero, uurudishe Mufindi, unajirekebisha wenyewe. Kampuni inasema cheni inafika kasi ya kilomita 100 kwa saa ndani ya robo ya sekunde, na opereta anayekata matawi, anayebonyeza na kuachia kifyatulio siku nzima, hilo ndilo atakalolihisi mkononi.

Si Stihl peke yao waliofikiria jambo hili. Washindani wao wa Sweden, Husqvarna, walitangulia na mfumo wao wa AutoTune, na Stihl wana M-Tronic: kabureta bado ipo, lakini kifaa cha umeme ndicho kinachofungua na kubana mafuta, na zile skrubu hazipo tena. Husqvarna 592 XP uliotoka mwaka 2022, wa sentimita za ujazo 92.7 na kilowati 5.6, uko kwenye njia hiyo, na kwa mtu wa mikaratusi minene mimi ningemshauri autazame kabla hajaitoa roho yake yote kwa 500i. Kwa misindano ya kawaida ya Sao Hill, ambayo hukatwa kabla haijawa minene sana, msumeno wa sentimita za ujazo 70 hivi unatosha kabisa. Kuna watu hununua ukubwa kwa ajili ya heshima ya kijiweni.

Na kijiweni kweli kuna ushabiki. Watu wa Stihl na watu wa Husqvarna wanabishana kama Simba na Yanga, na kila upande una historia ya kujivunia. Andreas Stihl alianza Stuttgart mwaka 1926 na msumeno wa umeme wa kubebwa na watu wawili. Wa petroli ukafuata mwaka 1929. Husqvarna ni wakongwe zaidi kama kiwanda, kilianza mwaka 1689 kutengeneza bunduki za mfalme wa Sweden, lakini msumeno wao wa kwanza wa mnyororo ulitoka mwaka 1959. Mwaka huohuo Stihl walitoa Contra, msumeno wa mtu mmoja ambao injini yake iliendesha cheni moja kwa moja bila gia katikati. Wapo pia Dolmar, waliotangulia wengi kwa msumeno wa petroli wa mwaka 1927, wakaja kununuliwa na Makita mwaka 1991. Makita nao mwaka 2022 wakaacha kutengeneza mashine za petroli, wakaelekea betri. Siku moja betri zitatufikia na sisi, lakini katikati ya msitu usio na nguzo ya umeme bado ni hadithi.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika historia hii hakuwa na kiwanda cha injini. Ni Joseph Buford Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani. Mwaka 1946 alikuwa anapasua kuni akaona buu la mdudu anayekula miti likitafuna kisiki. Buu lilikuwa linakwenda kushoto na kulia, likila mbao kwa kufuata nyuzi na kwa kuzikata, bila taabu. Wakati huo cheni za misumeno zilikuwa na meno ya kukwaruza, yanayonolewa kwa kazi kubwa na kuisha makali upesi. Cox alilichunguza lile buu, akatengeneza jino la cheni lililopinda kwa namna ya taya zake, moja linatazama kushoto, jingine kulia, na mwaka 1947 akaanza kuuza cheni zake Portland. Kampuni ile ndiyo Oregon tunayoijua leo, ambayo cheni zake zimetundikwa hata kwenye maduka ya vipuri ya huku. Jino tunalolinoa kwa tupa kila tunapoweka mafuta ni mjukuu wa wazo lile.

Nimelitaja hilo kwa makusudi. Opereta mwenye msumeno wa kawaida na cheni iliyonolewa vizuri atamwacha mbali mwenye 500i na cheni butu. Tazama kinachotoka kwenye mkato: vipande vya mbao vyenye ukubwa maana yake cheni inakata, unga laini kama wa mahindi maana yake cheni inasugua, na wewe unaikandamiza kwa mabega. Tupa ya milimita 5.2 kwa cheni ya 3/8, 4.8 kwa ya .325, 5.5 kwa ya .404, mkono uende upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje. Hapo hapahitaji kompyuta.

Turudi kwenye lile swali la nani atauleta na kuuhudumia, yaani wakala. Stihl tangu zamani wana msimamo wa kuuza kupitia mawakala wanaotoa huduma. Huko Marekani waliwahi kulipia matangazo wakijinadi kwamba misumeno yao haiuzwi Lowe's wala Home Depot, yale maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi. Maelezo yao yalikuwa kwamba msumeno unatakiwa ukabidhiwe na mtu aliyeuunganisha, aliyeuwasha mbele yako, na atakayeupokea ukiharibika. Mimi naona msimamo ule ni sahihi kabisa, na ndio ninaotaka kuuona ukifika hapa Mufindi kwa vitendo.

Maana hali ilivyo, mara nyingi wakala wetu ni duka lenye kibao cha rangi na mashine tano kwenye rafu. Niliwahi kununua msumeno orijino kabisa kwa wakala mmoja, nikapewa risiti na kitabu. Ukaishi vizuri msimu mzima, kisha koili ya moto ikafa. Koili, inayotoa umeme wa cheche, ni kitu kidogo, kinafungwa kwa skrubu mbili. Nikaambiwa imeagizwa. Nikapiga simu, ikawa iko njiani. Wiki zikapita, mgao wangu wa miti, ile niliyoruhusiwa kukata, una tarehe ya mwisho, mvua zikaanza, barabara za shambani zikawa tope ambalo hata trekta halipandi, na msumeno bado umelala stoo. Niliyempa fedha nyingi alikuwa na mashine za kuuza, hakuwa na kipuri cha mashine aliyoiuza. Hiyo ni koili tu. Je, ingekuwa injekta?

Msumeno wa injekta ukigoma kuwaka, fundi wa chini ya mti hawezi kuutegea sikio. Unachomekwa kwenye kifaa cha uchunguzi, kompyuta inasoma kosa lililoandikwa ndani yake, ndipo ujue kama ni kihisio, waya au injekta yenyewe. Kifaa hicho na programu yake viko kwa wakala aliyeidhinishwa. Kama wakala wa karibu hana, au anacho lakini aliyefundishwa kukitumia amehama, umenunua chuma cha bei mbaya. Ndiyo maana watu wakiniuliza ni chapa gani bora, huwauliza wanakaa wapi. Aliye karibu na duka la Husqvarna lenye fundi na vipuri anunue Husqvarna. Aliye karibu na la Stihl la namna hiyo anunue Stihl. Nimewahi kuwaudhi mashabiki wa pande zote mbili kwa jibu hilo, na nitaendelea kulitoa.

Pengo hili la huduma ndilo linalolisha biashara ya feki. Mtu aliyeona orijino ikilala stoo kwa kukosa kipuri anajiambia heri nakala ya bei chee, ikifa naitupa. Namwelewa, lakini nakala hizo zinaumiza watu. Nimeshika moja ambayo kipini cha breki ya cheni kilikuwepo kwa sura, ukikisukuma mbele cheni inaendelea kuzunguka. Stihl waliweka breki hiyo kwenye misumeno yao mwaka 1972, kwa sababu ncha ya baa ikigusa gogo jingine msumeno unaruka kuelekea usoni kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuikwepa. Kwa hiyo dukani usiridhike na rangi wala stika. Tafuta namba ya mashine iliyogongwa kwenye bodi ya injini, uilinganishe na ya kwenye karatasi. Tazama cheni: ya kampuni inayojiheshimu ina jina au namba iliyochapwa kwenye chuma chenyewe. Omba iwashwe, isukumie breki mbele ikiwa inazunguka, cheni isimame papo hapo. Muuzaji akikuambia utajaribia nyumbani, rudisha pesa mfukoni.

Natamani mawakala wafikirie pia mafundi wa mtaani, hawa wanaoishikilia kazi nzima mabegani. Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kipo Moshi, na hapa Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao. Wakala anayetaka kuuza misumeno ya kielektroniki Nyanda za Juu Kusini angeweza kuwaalika mafundi kumi pale, akawaonyesha mfumo unavyofanya kazi, akawaachia kifaa kimoja cha uchunguzi hata kwa mkopo. Yule fundi aliyesoma pistoni kwa tochi ya simu hashindwi kusoma kosa kwenye skrini. Anachokosa ni mtu wa kumfungulia mlango. Na siku atakapofunguliwa, misumeno hiyo itauzika bila tangazo, kwa sababu huku opereta hanunui kitu ambacho fundi wake amekikataa.

Mgao mpya ukianza Julai nitahitaji mashine mbili. Ya kwanza nimeshaamua: ya sentimita za ujazo 70 hivi, ya kabureta ya kawaida, yenye pistoni na koili zinazopatikana hapahapa mjini. Fedha ya pili naiweka. Wakala wa kwanza atakayeniletea 500i nitamwomba anionyeshe rafu ya vipuri vyake kabla ya msumeno wenyewe: injekta ya akiba, kihisio, pampu ya mafuta, chujio la hewa, na jina la fundi aliyefundishwa pamoja na namba yake ya simu. Nitapiga namba hiyo nikiwa palepale dukani. Ikipokelewa, na anayepokea akanijibu nikimuuliza kosa likitokea nikiwa msituni nifanye nini, nitalipa taslimu siku hiyohiyo.